Kelele za Abiria na Masikio ya Mashirika ya Ndege

Mada iliyowasilishwa katika semina ya walimu, vijana na viongozi wa vijiji, Haneti, Wilaya ya Chamwino, Dodoma



Mada niliyopewa inauliza kama maneno ya wananchi kuhusu ndege, hasa haya yanayosambaa kwa simu, yana uzito wowote mbele ya mashirika yenyewe. Mzee mmoja alipoisikia aliguna, akaniuliza Haneti na ndege wapi na wapi. Swali lake ni la haki. Nitaanza nalo, maana tusipolijibu, yote yatakayofuata tutayaona ni habari za watu wa Dar es Salaam.

Haneti na ndege

Wengi wetu humu ukumbini hatujawahi kupanda ndege. Hata hivyo, ndege za Air Tanzania tumezilipia. Serikali ilianza kuzinunua upya mwaka 2016 kwa fedha za umma, zikawekwa chini ya Wakala wa Ndege za Serikali, na shirika likazikodi kutoka huko. Anayenunua sukari, sabuni na vocha dukani hapa Haneti amechangia mbawa hizo, apande asipande. Airbus A220-300 ya kwanza kuja Afrika ilitua Dar es Salaam Desemba 2018, na ubavuni iliandikwa jina la Dodoma. Jina letu linaruka, basi na sisi tuna la kusema.

Halafu kuna Msalato. Kila anayekwenda mjini kwa barabara hii yetu ya Kondoa anapita karibu na uwanja ule mpya. Mwezi Oktoba 2022 Rais Samia Suluhu Hassan aliuwekea jiwe la msingi, na Benki ya Maendeleo ya Afrika ndiyo mkopeshaji mkuu. Njia yake ya kurukia ina urefu wa mita 3,600, yaani uwanja wa ndege kubwa zinazovuka bahari. Mkopo ule utalipwa na watoto wa mashule yetu watakapokuwa na ajira zao.

Sitasahau mawe yetu. Krisopraizi ya Haneti, hiki kito cha kijani kinachochimbwa kwenye vilima vyetu, ni mzigo mdogo wenye thamani. Mzigo wa namna hiyo ndio hasa unaofaa kusafiri angani. Mchimbaji wa hapa anayeota kumwuzia mnunuzi wa mbali bila kupitia madalali watatu ana maslahi na ratiba ya ndege, na nauli ya mzigo, hata kama yeye mwenyewe atabaki shimoni.

Kauli yangu katika mada hii ni moja, na nitaitetea kwa mifano. Maneno matupu, hata yakiwa mengi kiasi gani, huyafanya mashirika ya ndege yaombe radhi. Hayayafanyi yabadilike. Yanabadilika pale maneno yanapokutana na kitu chenye meno: nyaraka, mahakama, mdhibiti, wafanyakazi walioweka kazi chini, au abiria anayehamishia nauli yake kwingine.

Bukoba

Asubuhi ya Jumapili tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air aina ya ATR 42-500, safari namba PW494 kutoka Dar es Salaam, ilianguka katika Ziwa Victoria ikiwa inakaribia kutua Bukoba. Ndani walikuwamo watu 43. Walikufa 19, marubani wote wawili wakiwemo, na 24 waliokolewa.

Nataka tukae hapa kidogo, kwa sababu ndiyo ajali ya kwanza kubwa ya ndege nchini ambayo sisi wote tuliitazama ikiwa bado inaendelea. Tuliokuwa kanisani tulitoka tukakuta simu zimejaa. Mkia wa ndege ulikuwa juu ya maji, mitumbwi imeuzunguka, watu wamejipanga ufukweni wanavuta kamba. Hakuna gazeti lililoweza kushindana na picha zile. Na hakuna shirika la ndege, wala mamlaka yoyote, iliyoweza kusema jambo ambalo picha zile zinalikana.

Sasa tuangalie picha zile zilifanya nini. Kwanza zilitupa shujaa. Kijana mmoja mvuvi alisifiwa nchi nzima kwamba ndiye aliyefungua mlango wa ndege kwa kasia, akapewa fedha, akapewa na nafasi katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Siku chache baadaye simu zilezile zikageuka. Walionusurika wakasema mlango ulifunguliwa kutoka ndani na mhudumu wa ndege, na waliokuwa wakimsifu kijana wakaanza kumsimanga, kana kwamba yeye ndiye aliyejitangaza. Mtu aliyeingia majini kuokoa wenzake akatoka na matusi. Pili, zilieneza hesabu mbovu. Siku ya kwanza taarifa zilisema walionusurika ni 26. Baadaye ikaonekana wawili kati yao walikuwa waokoaji waliopelekwa hospitali pamoja na abiria, hesabu ikarudi 24. Familia mbili au tatu zilizokuwa zikihesabu kwa vidole usiku ule zinajua uzito wa namba mbili.

Lakini kuna la tatu, na hili ndilo lenye faida. Watu wa Bukoba walipiga kelele kwamba msaada wa serikali ulichelewa, na kwamba wavuvi ndio waliofanya kazi. Maneno hayo yangeweza kupotea kama yanavyopotea mengine. Hayakupotea, kwa sababu sheria za kimataifa za usafiri wa anga, katika Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago wa 1944, zinaitaka nchi ilikotokea ajali itoe taarifa ya awali ndani ya siku 30. Wachunguzi wetu walitoa yao mwezi huohuo. Ikaandikwa humo, kwa lugha kavu ya kiserikali, kwamba boti ya uokoaji ya polisi wa majini ilichelewa kufika na haikuwa na mafuta wala hewa ya wazamiaji ya kutosha. Walichokisema wavuvi kwa hasira sasa kilikuwa kwenye waraka wa umma. Waziri anaweza kulikana neno la mvuvi. Ni vigumu zaidi kuikana taarifa yenye nembo ya Taifa.

Kwa hiyo mtu akiniuliza picha za Bukoba zilikuwa na nguvu gani, nitamjibu kwamba zilikuwa na nguvu ya shahidi. Hazikuwa na nguvu ya hakimu. Pale zilipojifanya hakimu, zilimwonea kijana.

Nairobi na mkataba uliovuja

Mfano wa pili unatoka kwa jirani zetu wa kaskazini, na ndio mzito kuliko yote ninayoijua katika ukanda huu.

Mwaka 2024 kampuni ya Adani ya India ilipeleka kwa Serikali ya Kenya pendekezo la kuuendesha Uwanja wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta kwa miaka 30, kwa uwekezaji uliotajwa kuwa dola bilioni 1.85. Wakenya wengi hawakujua chochote. Mwezi Julai kijana mmoja Mkenya aliyekuwa akisoma Ufaransa, Nelson Amenya, akaziweka hadharani mtandaoni nyaraka za mpango huo. Angalieni: aliweka nyaraka. Hakuandika kwamba "nasikia uwanja unauzwa". Watu walisoma kurasa zenyewe, wakaona miaka, wakaona masharti, wakaanza kuuliza maswali yenye namba.

Kilichofuata hakikuwa kelele tu. Chama cha wafanyakazi wa usafiri wa anga kilitangaza mgomo, kikaahirisha, kikarudi tena. Chama cha wanasheria na tume ya haki za binadamu walikwenda Mahakama Kuu, na mwanzoni mwa Septemba mahakama ikausimamisha mpango kwa muda. Tarehe 11 Septemba wafanyakazi wakaweka kazi chini, abiria wakajaa nje ya uwanja na mabegi yao, na ndege zikakaa. Mgomo ulimalizwa siku ileile kwa makubaliano ya kurudi kazini. Hata hapo serikali haikuwa imeachana na mpango. Ilikuja kuachana nao tarehe 21 Novemba, Rais William Ruto alipotangaza bungeni kwamba ameufuta, siku moja baada ya waendesha mashtaka wa Marekani kutangaza mashtaka ya ulaghai yanayohusu madai ya rushwa dhidi ya mwenye kampuni, Gautam Adani.

Ndugu zangu, wapo wanaosema mtandao ndio ulioshinda Nairobi. Wapo wanaosema Marekani ndiyo iliyoshinda. Mimi naona wote wanachukua kipande. Bila nyaraka kuvuja, wafanyakazi wasingekuwa na la kugomea. Bila mgomo na mahakama, mpango ungekuwa umeshasainiwa kabla mashtaka ya Marekani hayajafika. Na bila mashtaka yale, sina uhakika serikali ingelegea. Sauti ya raia ilifanya kazi moja kubwa: ilinunua muda. Katika mambo ya mikataba, muda si kitu kidogo. Sisi wenye Msalato tunapaswa kulitafakari hilo kabla hatujaanza kuona matangazo ya zabuni za kuendesha maduka, maegesho na mizigo pale.

Ndege iliyozuiliwa Kanada

Nyumbani tuna mfano unaofanana na huo, ingawa ulikuwa na joto zaidi la siasa. Agosti 2017 mwanasiasa wa upinzani Tundu Lissu aliwaita waandishi wa habari akasema ndege yetu ya tatu aina ya Bombardier Q400 imezuiliwa Kanada kwa sababu ya deni la kampuni ya ujenzi ya Stirling. Wapo waliomwita msaliti. Serikali ikakiri kwamba kweli ndege imezuiliwa, ikamlaumu yeye kwa kutoa habari. Ndege ilifika Aprili 2018.

Miaka miwili baada ya tangazo lile, Agosti 2019, A220 yetu ilizuiliwa Johannesburg kwa amri ya mahakama, kwa madai ya mkulima Hermanus Steyn, ikaachiwa mapema Septemba. Desemba 2022 nyingine ikashikwa Uholanzi, kwa tuzo ya usuluhishi iliyotokana na mradi wa sukari wa Bagamoyo uliofutwa. Kila mara simu zetu zilijaa mijadala: uzalendo upande huu, dhihaka upande ule. Katika mijadala yote hiyo, wachache sana waliuliza swali la msingi: kwa nini tunafuta mikataba kwa namna inayowapa wadai nguvu ya kukamata ndege? Tulikuwa tunagombana juu ya ndege, na chanzo kilikuwa shamba na barabara. Kelele zetu hapo hazikubadili kitu kwa sababu hazikulenga penyewe.

Waliosema mapema na waliosema baadaye

Mwaka 2017 abiria mmoja aliburutwa kutoka kwenye ndege ya United Airlines mjini Chicago ili kupisha wafanyakazi wa shirika. Picha za simu zikazunguka dunia. Mkurugenzi aliomba radhi vibaya, akaomba tena, na ndani ya wiki chache shirika likabadili kanuni: atakayekubali kwa hiari kuachia kiti anaweza kulipwa hadi dola 10,000, na abiria aliyekwishaketi hataondolewa kwa nguvu isipokuwa kwa sababu za usalama. Wapenzi wa mitandao huupenda sana mfano huu. Mimi naukubali, ila nakumbusha kwamba Marekani ni nchi ambayo abiria yule alikuwa na mwanasheria kabla damu haijakauka, na Bunge lao likawaita wakubwa wa mashirika kuhojiwa. Picha ilitangulia. Nyuma yake kulikuwa na mkono wa sheria.

Mfano wenye uchungu zaidi kwetu ni wa Boeing 737 MAX. Oktoba 2018 ndege ya Lion Air ya Indonesia ilianguka, watu 189 wakafa. Baada ya ajali hiyo marubani kadhaa wa Marekani waliandika kwenye mfumo wa siri wa taarifa za usalama, ule unaosimamiwa na shirika la anga la NASA tangu 1976, wakisema ndege hiyo inainamisha pua bila kuamriwa na kwamba maelezo waliyopewa hayatoshi. Waliandika Novemba 2018. Walikuwa wataalamu, walitumia mlango sahihi, hawakupiga kelele. Ndege ziliendelea kuruka. Tarehe 10 Machi 2019 ndege ya Ethiopian Airlines ilianguka muda mfupi baada ya kuruka Addis Ababa kuelekea Nairobi, ikaua watu 157. Wakenya walikuwa wengi kuliko taifa lolote.

Nakiri kwamba mfano huu unaitingisha kauli yangu. Karatasi ilikuwepo, na karatasi haikusikilizwa. Kilichokuja kusikilizwa ni familia. Mkenya Paul Njoroge, aliyepoteza mke, watoto watatu na mama mkwe katika ndege ile, alikwenda mbele ya kamati ya Bunge la Marekani Julai 2019 akazungumza. Yeye na jamaa wa wafiwa wengine hawakuondoka kwenye milango ya wabunge. Mwishoni mwa mwaka 2020 Marekani ikapitisha sheria ya kurekebisha namna ndege zinavyopewa ithibati. Kwa hiyo nairekebisha kauli yangu: karatasi bila mtu wa kuisimamia ni karatasi tu. Karatasi inahitaji mtu anayerudi kesho na keshokutwa kuuliza imefikia wapi. Na hili linatuhusu, maana Oktoba 2023 Air Tanzania ilipokea ndege ya kwanza ya familia hiyohiyo, 737 MAX 9. Watanzania wanaopanda leo wanapanda ndege iliyorekebishwa kwa machozi ya watu wa Nairobi na Jakarta.

Niongeze jambo fupi la upande wa pili. Desemba 2024 Umoja wa Ulaya uliiweka Air Tanzania kwenye orodha ya mashirika yasiyoruhusiwa kuruka katika anga yake, na Juni 2025 ukaongeza mashirika yote yenye vyeti vya Tanzania, ukitaja udhaifu katika usimamizi wa usalama. Hakukuwa na kelele zozote za kuutangulia uamuzi huo. Wakaguzi walisoma kumbukumbu, wakajaza fomu, wakapiga kura. Sisi tulianza kupiga kelele baada ya tangazo, na wengi tulikuwa tukijadili kama Wazungu wanatuonea.

Nauli inapohama

Kuna sauti moja ambayo mashirika huisikia bila kuambiwa: ya mfuko. Novemba 2012 Fastjet ilianza kuruka nchini ikitangaza nauli za kuanzia Sh32,000 kabla ya kodi. Watu waliozoea basi la siku nzima wakapanda ndege kwa mara ya kwanza, na mashirika mengine yakalazimika kupanga upya bei zao. Hakuna mjadala wowote uliowahi kufanya hivyo. Fastjet ilipozama katika madeni na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, ikatoa notisi ya kuisimamisha Desemba 2018, watu walilalamika sana kwenye simu zao, na malalamiko hayo hayakumrudisha mtu yeyote angani.

Sasa mashindano yako chini. Tangu katikati ya mwaka 2024 treni ya umeme inatoka Dar es Salaam hadi Dodoma kwa saa nne hivi, na ilipoanza nauli ya daraja la kawaida ilikuwa Sh31,000. Mtumishi wa umma aliyekuwa akipanda ndege kwa sababu basi lilimchosha ana njia nyingine. Ningekuwa meneja wa shirika la ndege, treni ile ingeninyima usingizi kuliko video mia za abiria wanaofoka. Air Tanzania yenyewe, kwa mujibu wa ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ilipata hasara ya Sh bilioni 56.64 mwaka 2022/23 na Sh bilioni 91.8 mwaka 2023/24. Sehemu ya tatizo ni injini za A220, ambazo zina kasoro inayojulikana duniani kote na zimezilaza ndege hizo kwa miezi mingi. Abiria anayeahirishiwa safari anamfokea binti wa kaunta, ambaye hana injini mfukoni.

Fomu na saini

Niliwahi kukaa kwenye chumba cha abiria cha uwanja wa Dodoma, safari imesogezwa, halafu ikasogezwa tena. Shirika silitaji. Vijana walisimama mbele ya kaunta simu zikiwa juu, wanarekodi. Mmoja alikuwa akirusha moja kwa moja, anatoa maelezo kama mtangazaji wa mpira. Mhudumu alikuwa amezoea: aliinamisha uso, akarudia sentensi ileile, "tunaomba radhi kwa usumbufu". Mzee mmoja, mfanyabiashara wa alizeti kwa maneno yake mwenyewe, alingoja vijana wachoke. Akasogea, akatoa daftari la mistari kwenye mfuko wa koti, akasema kwa upole, "Mwanangu, niandikie hapa sababu ya kuchelewa, saa mlizotuambia mwanzo na saa mnazosema sasa, halafu weka jina lako na saini."

Binti alibabaika. Alisema hana ruhusa ya kuandika. Mzee akasema, "Basi mwite mwenye ruhusa, mama, mimi nipo." Msimamizi akaja. Hakusaini daftari, lakini mzee aliondoka pale na barua fupi yenye muhuri, na kuponi za chakula zikatolewa kwa wote, hata kwa yule mtangazaji wa mpira. Sijui barua ile iliishia wapi. Ila niliona uso wa msimamizi alipoliona daftari, na sikuuona uso ule alipokuwa akirekodiwa.

Waliosafiri nje ya nchi wana silaha nzuri zaidi, na wengi hawaijui. Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Montreal wa 1999, unaohusu safari za kimataifa. Begi likiharibika, lalamika kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu ulipolipokea. Likicheleweshwa, una siku 21 tangu ulipokabidhiwa. Kesi inafunguliwa ndani ya miaka 2. Kiwango cha juu cha fidia ya mizigo, tangu mwisho wa Desemba 2024, ni vipimo 1,519 vya fedha ya IMF, kiasi kinachokaribia dola 2,000. Vijana wetu waliokwenda Oman na Saudia kufanya kazi, wakarudi na begi lililopasuliwa, wameweka picha kwenye status wakapata "pole" nyingi sana. Siku saba zikapita. Pole hizo hazilipwi popote, na mkataba haukubali picha ya status kuwa ni lalamiko.

Kwa safari za ndani, mlango wa kwanza ni shirika lenyewe, kwa maandishi. Likikataa au likikaa kimya, nenda TCAA, ambayo kisheria ni mdhibiti na inapokea malalamiko. Usiporidhika na uamuzi wake kuna Baraza la Ushindani. Kuna pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga, lililoundwa kisheria kuwasemea watumiaji, na ambalo nina hakika wengi humu mnalisikia leo kwa mara ya kwanza. Hilo ni kosa la baraza kuliko letu. Chombo cha kuwasemea watu kikiwa hakijulikani nje ya miji miwili mitatu, kinamsemea nani?

Ndugu Mwenyekiti, sisemi vijana waache kurekodi. Bukoba bila simu zile tungeambiwa lolote. Nasema video iwe kiambatanisho, na barua iwe ndiyo lalamiko. Video isiyo na tarehe, namba ya safari wala jina la uwanja ni burudani, na mashirika yanalijua hilo. Yamejifunza kungoja siku tatu mpaka watu wahamie kwenye jambo jingine.

Mapendekezo

Naiomba semina hii, badala ya azimio refu la kupongezana, ifanye mambo ambayo Haneti inaweza kuyafanya. Walimu wa Kiswahili na Uraia kidato cha pili na cha tatu wawafundishe wanafunzi kuandika barua ya malalamiko yenye tarehe, namba ya safari, kilichotokea, kinachodaiwa na muda wa kujibiwa. Barua hiyo itawafaa kwa ndege, kwa basi, kwa treni na hata kwa mita ya umeme. Ofisi ya kata ibandike ukutani anwani za TCAA na za baraza la watumiaji, mahali watu wanaposubiri huduma. Wachimbaji wa krisopraizi, wakiwa kama kikundi na siyo mmoja mmoja, wamwandikie mbunge na Mamlaka ya Viwanja vya Ndege wakiuliza kama Msalato itakuwa na ghala la mizigo midogo yenye thamani, chini ya masharti gani na kwa tozo kiasi gani. Waulize sasa, wasingoje mikataba ya kuendesha uwanja ule iwe imesainiwa.

Na nakala ya barua hiyo ibaki kwa mtendaji wa kata, ikiwa imegongwa muhuri wa kupokelewa.